Mwali Ameandikwa, Mwanamke Bado

Kila ninapozungumza na wasomaji mjini Morogoro kuhusu mapenzi na ndoa, kuna swali halikosi kuulizwa. Anayeuliza huwa kijana, na huuliza kama mtu anayedai chake: "Dada, huku kwetu wasichana wanachezwa. Wanafundwa mambo ya mke na mume hata kabla ya kuposwa. Sasa inakuwaje nikitaka kusoma bibi yangu alimpenda nani, alitaka nini, alikataa nini, nakosa kitabu?"

Ana haki ya kudai. Uluguru, nchi ya milima hapa Morogoro, imeandikwa sana. Imeandikwa ardhi yake, misitu yake, koo zake, na maji yake yanayoteremka kwa mto Ruvu hadi kwenye mabomba ya Dar es Salaam. Ngoma ya mwali nayo imeandikwa. Anayekosekana ni mwanamke mwenyewe akisema "mimi".

Jibu langu ni hili. Kwa sehemu kubwa, waliokuja kuandika kuhusu wanawake wa milima hii walikuja kutafuta ngoma. Ngoma wakaipata, wakaieleza kwa bidii, wakaondoka. Yule aliyechezwa ngoma hiyo, akaolewa, akaachika, akapenda tena, akazeeka, hawakurudi kumuuliza maisha yalimwendea vipi. Walitafuta siri ya ngoma, wakapitwa na habari za mtu.

Kwa msomaji asiyetoka huku, nieleze kidogo. Msichana akivunja ungo, yaani akipata hedhi yake ya kwanza, huitwa mwali. Zamani aliwekwa ndani kwa miezi mingi, na wengine kwa miaka, asionekane hovyo na wanaume. Kutolewa kwake ni sherehe: ngoma zinalia, pombe ipo, mwali anabebwa mabegani, na watu wanamtunza kwa noti na kanga. Wanaomfunda ni wanawake wazima wanaoaminiwa na jamii, makungwi. Kila mwali ana wake wa karibu anayemsimamia, somo yake, na uhusiano huo haufi hata msichana akishakuwa mama wa watoto sita.

Tunaposema kutamani

Wengi wakisikia "matamanio ya mwanamke" mawazo yao huenda kitandani moja kwa moja. Kitanda kimo, na sina nia ya kukikwepa. Lakini kutamani ni kupana kuliko hapo. Ni kumtaka mtu fulani na si mwingine. Ni kutaka leo na kutotaka kesho, bila kulazimika kutoa sababu. Ni mjane wa miaka hamsini na tano kutaka kuolewa tena huku watoto wake wakiona aibu. Ni kutaka mume aliye safarini arudi, au kutaka asirudi.

Tuseme kuna mama wa Mgeta anayelima kabichi na karoti kwenye mteremko mkali. Ameamka alfajiri, amechuma, amefunga mzigo, ameubeba kichwani hadi gari linapopakia mboga za kwenda mjini. Jioni amerudi, amepika, amewaogesha watoto. Usiku mume anamgusa bega. Anachotaka mama huyu saa hiyo, iwe ni kuitikia, kulala, au kuongelewa kidogo kwanza, ni habari ya kweli kuhusu Uluguru sawa na bei ya kabichi. Bei ya kabichi imeshaandikwa na watafiti wa kilimo, mwaka baada ya mwaka.

Nasisitiza kukataa kwa sababu mara nyingi husahaulika. Mwanamke ambaye hana nafasi ya kusema "sitaki" hawezi kuaminiwa anaposema "nataka". Kitabu kinachoandika la pili bila la kwanza kimeandika nusu.

Nani yumo kwenye vitabu

Tuvipitie vichache. Mwaka 1958 Padri Canute Mzuanda, Mluguru mwenyewe, alitoa "Historia ya Uluguru" kwa Kiswahili. Ni kitabu cha kuheshimiwa; bila yeye mengi kuhusu koo za milimani yangepotea. Mwaka 1960 Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa kitabu kuhusu ardhi na siasa za Waluguru. Walikiandika wakati kidonda cha matuta kikiwa bado kibichi: serikali ya kikoloni ilikuwa imewalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, hadi mwaka 1955 ghasia zikazuka upande wa Matombo na mpango ukavunjika. Kitabu hicho kina ardhi, koo na viongozi. Majembe yaliyochimba matuta yale yalishikwa sana na wanawake, lakini kitabu cha siasa hakiwezi kukueleza ukali wa uchovu ule ulivyoingia nyumbani, kati ya mke na mume.

Kisha wakaja wanaanthropolojia, yaani watu wanaosomea mila na maisha ya jamii. James Brain aliandika mwaka 1977 na 1978 kuhusu mwali wa Kiluguru, akimtazama kama mtu anayekufa utoto wake na kuzaliwa upya. Marja-Liisa Swantz kutoka Finland alikaa Bunju katika miaka ya 1960 na kuandika kwa upana kuhusu majirani zetu Wazaramo, ambao mila zao za mwali ni ndugu wa mila zetu. Peter Pels alitoa kitabu mwaka 1999 kuhusu mapadri wa Kizungu na Waluguru walivyokutana, na walivyovutana juu ya mila hizi. Nawashukuru wote, Swantz zaidi, maana alikaa na wanawake na kuwasikiliza kwa muda mrefu. Hata hivyo, ukisoma mfululizo wa kazi hizi unaona mwanamke anasimama mahali palepale: msichana wa rika fulani, ndani ya nyumba fulani, akifanyiwa jambo fulani lenye maana kubwa. Maana hiyo anaieleza mwandishi. Mwali hana mapenzi yake binafsi, na akishatolewa nje, kurasa zinaishia hapo.

Kuna kitu kimoja kinachoonyesha haya kwa macho. Ni mwana hiti, sanamu ndogo ya mti inayojulikana kwa Waluguru, Wazaramo, Wakwere, Wakutu na Wadoe. Kinatosha kushikwa kwa mkono mmoja. Hakina mikono wala miguu. Kiwiliwili ni kama mche wa duara, kifuani kuna matiti mawili madogo, chini yake kitovu, na juu kichwa chenye nywele zilizochongwa zikasimama pande mbili. Mwali alikabidhiwa akitunze akiwa ndani: akioshe, akipake mafuta, akitengeneze nywele kama anavyomtengeneza mtoto. Vilivyotumika sana vinang'aa, mti umekuwa mweusi na laini kwa mafuta ya vidole. Vingi viko Ulaya leo, ndani ya vioo vya makumbusho, kila kimoja na kadi yake. Kadi hutaja kabila, aina ya kitu, na mara nyingi jina la Mzungu aliyekipeleka huko. Jina la msichana aliyekipaka mafuta sijapata kuliona kwenye kadi hata moja. Ung'avu ule ni kazi ya mikono yake, na hiyo ndiyo alama pekee aliyoacha.

Kwa kifupi: vitabu vimetupa ukoo, ardhi na ngoma. Mwanamke yumo ndani ya vyote vitatu, ila anaelezwa na wengine.

Ukoo wa mama si utawala wa mama

Hapa msomaji huniuliza: lakini si Waluguru wanafuata upande wa mama? Ndiyo. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hupita upande huo. Mwanaume akioa, kwa mila ya zamani, angeweza kwenda kukaa kwa wakwe. Wageni wakisikia hivyo hudhani kwamba mwanamke wa Kiluguru alikuwa huru kuliko wote, anamtaka amtakaye na kumwacha akimchoka.

Ukweli una pande mbili. Ni kweli kwamba mwanamke anayelala kwenye ardhi ya ukoo wake hafukuzwi kirahisi. Ndoa ikivunjika, anayefunga virago anaweza kuwa mume, na watoto hawaendi popote. Hilo linampa mwanamke kifua cha kusema. Lakini mwenye neno kubwa katika ukoo alikuwa mjomba, kaka wa mama. Mjomba ndiye aliyekaa kwenye shauri la posa, mjomba ndiye aliyesimamia ardhi. Kwa hiyo binti alitoka kwenye mkono wa mwanaume mmoja akabaki kwenye mkono wa mwingine. Alichotaka yeye kilipita katikati ya mikono hiyo, mara nyingine kikafaulu, mara nyingine kikazimwa. Tungejua ni mara ngapi kama wangeulizwa wanawake, maana wajomba waliulizwa.

Kwa nini bibi hakulieleza daftari

Lawama isiishie kwa watafiti. Tujiulize na upande wa pili: mwanamke mtu mzima wa Matombo au Kinole angemweleza nani mambo haya?

Mama mzazi hamfundi binti yake mambo ya chumbani. Kati yao kuna heshima inayozuia, na ndiyo maana somo yupo. Kati ya mkwe na mkwe ndiyo kabisa, hata kutajana ni shida. Kijana wa kiume mwenye daftari akija kijijini anawekwa kwenye moja ya nafasi hizi mara moja, atake asitake. Akionekana ni kama mtoto, ataelezwa mambo ya watoto. Akionekana ni kama mkwe, atapewa kiti, chai, na majibu mafupi.

Lakini ipo nafasi moja iliyo wazi, nayo ni ya mjukuu. Kati ya bibi na mjukuu kuna utani, na utani huo unaruhusu maneno ambayo pengine ni matusi. Mjukuu wa kiume akiingia uani kwa bibi yake na kusema "Shikamoo bibi," anaweza kujibiwa: "Marahaba, mume wangu. Umenitupa siku zote hizo, nani anakupikia?" Watu wote uani watacheka na mazungumzo yataanza. Ndani ya utani wa namna hiyo bibi anaweza kusema kwamba babu yako alikuwa mvivu, kwamba aliyemtaka yeye hasa alikuwa mtu wa Tawa, kwamba wazee walikataa. Husema akicheka, na nusu ya wasikilizaji hudhani anatania.

Mtafiti anayefika na maswali yaliyochapwa hawezi kuingia kwenye utani ule kwa siku mbili. Inabidi akae, au amwachie kazi mtu ambaye tayari ni mjukuu. Wapo wajukuu wengi tu, wamesoma, wako vyuoni, Sokoine na Mzumbe. Wakifanya utafiti wa shahada huulizwa kuhusu mboga, mikopo na uongozi wa kijiji. Nadhani ni wakati nao waruhusiwe kuuliza juu ya maisha ya moyo, na wapewe alama kwa kazi hiyo kama wanavyopewa kwa nyingine.

Vitabu viwili vya wanawake watatu watatu

Mwaka 2019 mwandishi Mmarekani Lisa Taddeo alitoa "Three Women", kitabu cha habari za kweli kuhusu matamanio ya wanawake watatu. Alikifanyia kazi miaka 8, akizunguka Marekani na kukaa karibu na wanawake wale hadi wakamweleza yaliyo ndani kabisa. Kilisomwa sana, na kilistahili, maana kuna ujasiri mkubwa katika kumwacha mwanamke aeleze alichotaka bila kumhukumu. Lakini wasomaji wengi walilalamika, na nakubaliana nao: wanawake wote watatu ni Wazungu wa nchi moja, ilhali kitabu kilipokelewa kama habari za wanawake kwa jumla.

Tabia hiyo ni ya zamani. Alfred Kinsey alipotoa mwaka 1953 utafiti wake maarufu kuhusu mwenendo wa wanawake katika mapenzi, hesabu zake zilisimama juu ya wanawake karibu 6,000, wote Wazungu wa Marekani. Mwaka 1976 Shere Hite alikusanya majibu ya wanawake wapatao 3,000, akawaachia waeleze kwa maneno yao, na hapo dunia ilianza kusikia sauti badala ya tarakimu. Wote walikuwa wakijibu wakiwa Marekani. Huko ndiko kulikotoka "mwanamke hutaka hivi" na "mwanamke hutaka vile" tunavyovisoma hata kwenye magazeti ya Kiswahili, kana kwamba bibi wa Mkuyuni alikuwa mmoja wa walioulizwa.

Sasa nitaje kitabu cha pili, ambacho wasomaji wengi wa kwetu hawakijui ingawa kimo katika lugha yetu. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwarekodi wanawake wazee wa Mombasa wakisimulia maisha yao. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na mwaka 1991 kikatoka kwa Kiswahili, lugha waliyoisema wenyewe: "Wanawake Watatu wa Kiswahili". Ni Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy. Majina yao yapo kwenye kitabu, si majina ya kubuni. Nao hawakutoka tabaka moja: yumo wa waungwana wa mji, yumo wa kizazi cha watumwa, yumo wa jamaa ya Kiarabu iliyokuwa na madaraka. Wanaeleza ndoa, talaka, ngoma, vyama vya wanawake, mafundisho ya makungwi. Ukimsoma mmoja huwezi kumfanya awe mfano wa wote, kwa sababu ukurasa wa pili yuko mwingine anayeiona Mombasa ileile kwa jicho tofauti.

Kitabu hicho ndicho ninachokitaka kwa Uluguru. Kingetosha kuanza na watatu: wa Mgeta anayepeleka mboga mjini, wa Matombo Mkatoliki aliyefungishwa ndoa na padri, na Mwislamu wa mjini Morogoro aliyeolewa mara ya tatu kwa hiari yake.

Uganda walishapiga hatua. Sylvia Tamale, mwanasheria na msomi wa huko, aliandika katikati ya miaka ya 2000 kuhusu ssenga, shangazi anayewafunda wasichana wa Kiganda. Alionyesha kwamba ndani ya mafundisho yanayoonekana ni ya kumtumikia mume tu, wanawake wamejiwekea nafasi ya raha yao wenyewe. Aliweza kuiona kwa sababu aliijua lugha, na kwa sababu alikwenda kwa wanawake wazima akauliza wao wanayatumiaje mafundisho yale. Na mwaka 2021 Nana Darkoa Sekyiamah wa Ghana alitoa kitabu cha wanawake wa Afrika na wa asili ya Afrika wakieleza maisha yao ya mapenzi, kila mmoja kwa nafsi ya kwanza. Kwa hiyo anayesema kwamba wanawake wa Afrika hawawezi kusema mambo haya amechelewa.

Hata aliyeandika mwenyewe aliacha

Kushika kalamu mwenyewe hakumalizi tatizo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alizaliwa mwaka 1844. Alimpenda mfanyabiashara Mjerumani aliyekuwa jirani yake, Heinrich Ruete, akapata mimba, na mwaka 1866 akatoroka kwa meli ya Kiingereza hadi Aden. Miaka 20 baadaye, akiwa mjane Ujerumani na jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake. Ameeleza majumba, vyakula, mavazi, ndugu waliogombana, hata namna ya kupanda punda. Anapofika kwenye penzi lililoyageuza maisha yake yote anapita haraka, na mimba haitaji.

Simlaumu. Alikuwa na watoto wa kulea na jina la kulinda, na wasomaji wa Ulaya walitaka habari za jumba la Sultani. Angesema yote angeitwa malaya na pande zote mbili za bahari. Mfano wake unatufundisha namna ya kusoma: mwanamke akipita haraka mahali fulani katika simulizi yake, huenda hapo ndipo penye uzito, na tuna wajibu wa kuuliza ni nani aliyemfanya apite haraka.

Siri ya ngoma na siri ya mtu

Wapo watakaoniambia: acha mambo ya unyago yabaki ndani. Kuyaandika ni kuyavua nguo.

Nawaheshimu wanaosema hivyo, na kwa upande mmoja nakubaliana nao. Yale yanayofundishwa ndani, nyimbo zake, vitendo vyake, vitu vinavyoonyeshwa, ni mali ya wanawake waliovitunza. Mtu akiyapata kwa kupewa masharti kisha akayachapisha, amevunja ahadi, hata kama ana shahada tatu. Sitaandika humu wimbo hata mmoja wa mwali, na wala hauhitajiki.

Lakini maisha ya mtu ni yake. Mwanamke wa miaka sabini akitaka kusema kwamba mume wake wa kwanza hakuwahi kumuuliza anajisikiaje, na wa pili aliuliza, hajatoa siri ya ngoma yoyote. Ametoa habari zake. Hapa ndipo tulipochanganya mambo kwa muda mrefu. Kwa kuogopa kuvunja mwiko wa ngoma, tumewanyima wanawake ruhusa ya kusema hata yale ambayo hakuna mwiko unaoyazuia. Na watafiti kwa upande wao waliukimbilia mwiko wenyewe, kwa sababu huo ndio uliokuwa na sifa vyuoni.

Kuna jambo jingine la kutenganisha. Mwali ni mtoto. Leo wasichana wengi wanavunja ungo wakiwa na miaka 12 au 13, bado wako darasani, na mafundisho ya ndoa yaliyokuwa yakitolewa kwa msichana aliye karibu kuolewa yanampata akiwa bado wa kuvaa sare ya shule. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Nasimama upande huo bila kusita. Matamanio ninayoyazungumzia katika sura hii ni ya mwanamke mtu mzima. Tatizo la vitabu vyetu ni kwamba vilimtazama sana mtoto, aliyekuwa hana la kusema, na kumwacha mtu mzima aliyekuwa nalo.

Mjini wanasema, lakini wanasema nini?

Mtu anaweza kunijibu kwamba mambo yamebadilika; siku hizi Morogoro kuna kitchen party karibu kila wikiendi na somo anasema kila kitu kwenye maiki. Ni kweli anasema. Nimekaa kwenye sherehe hizo, nimecheka hadi machozi, na nimewapenda akina mama wale kwa uhodari wao. Lakini sikiliza mafundisho yenyewe kwa makini. Mume akirudi umpokee vipi. Mume akinuna umtulize vipi. Mume akianza kutazama nje ufanye nini. Bibi harusi amekaa kwenye kiti kilichopambwa, kichwa chini, na katika saa nne za mafundisho huenda lisitajwe lolote ambalo mume anapaswa kujifunza kuhusu mwili wa mke wake. Raha ya mwanamke inakuja kwenye mzaha, kwenye kiuno, kwenye kigelegele. Kwenye somo lenyewe haipewi nafasi.

Muziki nao ulikuwa hivyo. Morogoro ilikuwa mji wa dansi: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, kisha Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe. Mapenzi yaliimbwa hapa kuliko karibu popote nchini, na waliosimama mbele ya maiki walikuwa wanaume. Mwanamke aliimbiwa, akasifiwa, akalalamikiwa.

Na serikali? Tangu 1991 Tanzania imekuwa ikifanya kila baada ya miaka kadhaa utafiti mkubwa wa idadi ya watu na afya. Mwanamke anaulizwa alianza lini kujamiiana, ana watoto wangapi, anatumia njia gani ya uzazi wa mpango, na kama anaweza kumkatalia mume. Haya yana faida. Yameokoa maisha ya akina mama. Ila mwanamke anaingia kwenye dodoso kupitia kizazi chake, na anaulizwa akiwa na umri wa miaka 15 hadi 49. Akifika hamsini anatoka kwenye hesabu.

Ukishika kitabu, ukishika kinasa sauti

Kabla ya kukiamini kitabu chochote kinachosema "wanawake wa huko wanataka hivi", jiulize:

- Ni wangapi waliosema, na wametoka wapi? Watatu si kosa, mradi asiambiwe msomaji kwamba ni wote.
- Walisema kwa lugha gani, na nani alitafsiri?
- Je, yumo aliyekataa, aliyeachika, mzee, tasa, asiyeolewa?
- Wao wenyewe wamepata kukisoma au kusomewa?

Na kwa wewe unayetaka kumwandika bibi yako, nina ushauri wa mtu anayeipenda kazi hii. Msichana aliyewekwa ndani wakati wa ghasia za matuta, 1955, leo ana zaidi ya miaka themanini, kwa hiyo usisubiri ufadhili. Simu uliyonayo inarekodi vizuri. Mwache aseme Kiluguru kama ndicho kinachomtoka, utatafsiri baadaye mkiwa wawili, yeye akikusahihisha. Usianze na ngoma. Anza na kazi, safari, nyumba alizoishi, nani alimchekesha, na mengine yatakuja yenyewe siku akijisikia.

Jina ni jambo zito. Kijijini kubadilisha jina hakutoshi, maana ukiandika "mama mwenye mgahawa karibu na kanisa" kila mtu amemjua. Msomee alichosema, sentensi kwa sentensi, na umuulize ipi ibaki na ipi itoke. Akisema itoke, itoke, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Akisema jina lake liandikwe, liandikwe lote, la kwake na la ukoo wake, lisifichwe kwa kuwa wajukuu wanaona haya. Na nakala ya sauti ibaki nyumbani kwake, kwa binti atakayemchagua mwenyewe.